Somo juu ya Kichaa cha Mbwa na Malezi ya Mbwa Nyumbani

Mwezi huu twawaletea somo juu ya mbwa, mnyama akaaye karibu nasi kuliko wengi, na juu ya ugonjwa utokao kwake kuja kwa watu, yaani kichaa cha mbwa. Katika nyumba nyingi mbwa hulinda boma usiku, hufuatana na wachunga mbuzi mchana, tena hufukuza nyani na ngedere mashambani. Kwa kazi hiyo yote ujira wake ni mabaki ya chakula na, mara nyingi, fimbo. Ni wachache wamhesabuo kuwa mali, maana hapelekwi mnadani kama ng'ombe wala haliwi kama kuku. Lakini mbwa asiyetunzwa aweza kuleta nyumbani msiba upitao hasara ya zizi zima.

Somo letu lina neno moja kubwa, nasi twalitaja mapema ili msomaji alishike tangu mwanzo. Mbwa aliyezoea mkono wa mwenyewe ndiye awezaye kuchanjwa, na mbwa aliyechanjwa ndiye awakingaye watoto wetu na ugonjwa huu. Kwa hiyo habari ya kumtendea mbwa vema na habari ya afya ya watu haziwezi kutengwa.

1. Ugonjwa wenyewe

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kuambukiza. Hauletwi na jua kali, wala njaa, wala uchawi, wala kulishwa nyama mbichi, kama wengine wadhanivyo. Huletwa na kirusi, kidudu kidogo mno kisichoonekana kwa macho, nacho hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mnyama huyo akimng'ata mwingine, mate huingia katika jeraha pamoja na kirusi. Hata kukwaruzwa naye, au kulambwa mahali penye mchubuko, au mate kuingia machoni na kinywani, kwaweza kutosha.

Kikisha kuingia mwilini, kirusi hiki hakienezwi na damu kama vijidudu vya homa nyingi. Hushika njia ya mishipa ya fahamu, kikipanda polepole kwenda ubongoni. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi 2 au 3. Lakini yaweza kuwa juma 1 tu, au hata kupita mwaka 1. Jeraha likiwa la mguuni, njia ni ndefu. Likiwa la uso au shingo, njia ni fupi. Ndiyo sababu mojawapo ya watoto kuwa katika hatari kubwa kuliko watu wazima: kimo chao ni kifupi, na meno ya mbwa huwafikia kichwani upesi. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama washukiwao kuwa na kichaa, kama 4 ni watoto wasiotimiza miaka 15.

Katika muda huo wa safari mtu haoni dalili yo yote. Jeraha hufunga, maumivu huisha, naye hurudi shambani au shuleni kama kwamba hakuna lililotokea. Lakini muda huo ndio nafasi pekee ya kumwokoa. Kirusi kikisha kufika ubongoni, mgonjwa hushikwa na homa, na pale alipong'atwa huanza kuwasha au kuchoma. Kisha hutaharuki, koo lake hukazana aletewapo maji, hata upepo humshtua, wengine hupooza kimya kimya bila ghasia. Tangu dalili zionekanapo hakuna dawa ya kutumainiwa. Karibu wote hufa, tena baada ya siku chache.

Inakadiriwa kwamba duniani watu kama 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi sana katika Asia na Afrika, na karibu wote waliambukizwa na mbwa. Kwa nchi ya Tanzania, wataalamu walitoa hesabu mwaka 2002 kwa kufuata idadi ya watu waliong'atwa, wakakadiria vifo karibu 1,500 kwa mwaka. Hesabu hiyo ilikuwa kama mara 100 ya vifo vilivyokuwa vikiandikwa katika vitabu vya serikali. Tofauti hiyo si ya kushangaza sana, maana wengi hufia nyumbani, na wengine husemwa kuwa wamerogwa au wameshikwa na malaria ya kichwa.

2. Dalili zake katika wanyama

Watu wengi hudhani kwamba mbwa mwenye kichaa hutambulikana kwa udenda na ukali tu. Dalili ya kwanza si hiyo. Dalili ya kwanza ni kubadilika tabia. Mbwa mpole huanza kujificha, au kumnung'unikia hata yule amlishaye. Na mbwa mkali asiyeshikika aweza kuwa mpole ghafula, akawaendea wageni. Baadaye huuma vijiti, mawe, na mnyororo wake. Hutanga mbali na kwao. Humrukia apitaye bila kuchokozwa. Sauti yake hubadilika, na mate humtoka kwa kuwa hawezi kumeza.

Iko namna nyingine ya ugonjwa huu isiyo na ukali. Mbwa hulala gizani, taya la chini hulegea, miguu hukosa nguvu. Mwenye mbwa hudhani mfupa umemkwama kooni, akaingiza mkono kinywani mwake autafute. Ndugu zetu, jihadharini sana na jambo hili. Mbwa ambaye kinywa chake hakifungi na mate yamtoka asiguswe kinywani na mtu ye yote, mpaka mtaalamu wa mifugo amemwona.

Vivyo hivyo kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo, na punda, maana nao hung'atwa malishoni na mbwa, au na mbweha. Ng'ombe mwenye kichaa huacha kula, hulia mfululizo kwa sauti iliyokauka, hudondosha mate, huwashambulia wenzake au kusukuma ukuta kwa kichwa, kisha miguu ya nyuma hulegea akaanguka. Hapo tena mwenye ng'ombe hudhani amekabwa na embe au gunzi la mahindi, akapeleka mkono wake kooni. Ng'ombe wa namna hiyo atengwe, watoto wafukuzwe karibu naye, na mtaalamu wa mifugo aitwe. Asichinjwe kwa haraka ili nyama isipotee, kwa kuwa achinjaye na achunaye hugusa mate na ubongo kwa mikono yenye michubuko. Wala maziwa yake yasitumiwe.

Paka naye hupata kichaa, na kwa kuwa hulala pamoja na watoto, kung'ata kwake kusidharauliwe.

3. Mtu aliyeng'atwa afanyeje?

Hapa twaomba msomaji asome polepole, kisha awasomee na wale wasiojua kusoma.

La kwanza: jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi na sabuni, kwa muda wa dakika 15 nzima. Sabuni huharibu kirusi, na maji hukiondoa kabla hakijaingia katika mishipa ya fahamu. Sabuni ya kufulia yafaa. Maji ya kisima au ya mto yafaa, mradi yawe yanamwagika juu ya jeraha wala si kulichovya katika bakuli moja. Dakika 15 ni ndefu kuliko watu wadhanivyo. Kwa hiyo atazame saa, wala asiache kwa sababu damu imekoma. Kisha kama kuna dawa ya kuulia vijidudu, ipakwe.

La pili: jeraha lisipakwe pilipili, wala majivu, wala mafuta ya taa, wala udongo, wala nywele za yule mbwa. Vitu hivyo havikiui kirusi. Huumiza nyama na kupoteza wakati. Tena lisifungwe kwa kukazwa, wala lisishonwe kwa haraka, ila mganga wa hospitali aonapo lazima.

La tatu: aende siku ile ile kwenye kituo cha afya au hospitali, ijapokuwa jeraha ni dogo. Huko atapewa chanjo kwa siku zilizopangwa: siku ya kuanza, siku ya 3, siku ya 7, na nyingine baadaye kwa kadiri ya utaratibu wa hospitali ile. Kama jeraha limechimba au kutoa damu, yampasa kupewa pia dawa ya kinga inayotiwa ndani ya jeraha lenyewe, ikiwa inapatikana. Chanjo hii haikatazwi kwa mama mjamzito wala kwa mtoto mchanga. Na aliyeanza asiishie sindano ya kwanza kwa kujiona mzima. Kwa kuwa chanjo hii haiwekwi katika kila zahanati, ni vema kupiga simu kwanza na kuuliza inapatikana wapi, wakati wengine wanaendelea kuosha jeraha.

La nne: ajulikane mbwa mwenyewe. Kama ni mbwa wa jirani, naye haonyeshi ugonjwa, asiuawe. Afungwe mahali imara, apewe chakula na maji, atazamwe kwa siku 10. Akiwa bado mzima siku hizo zikiisha, twajua kwamba mate yake hayakuwa na kirusi siku ile alipong'ata, na mganga ataweza kuamua kama sindano zilizosalia zaachwa. Lakini mtu asikae kusubiri siku 10 ndipo aende hospitali. Mbwa atazamwe, na mtu atibiwe, yote kwa pamoja. Mbwa akifa katika siku hizo, mtaalamu wa mifugo apewe habari upesi ili ubongo upimwe. Wala mtu asijaribu kukata kichwa kwa panga lake mwenyewe.

Chanjo ya watu ina historia ndefu. Mwezi Julai mwaka 1885, mjini Paris, mtaalamu Louis Pasteur aliletewa mtoto wa miaka 9, jina lake Joseph Meister, aliyeng'atwa mara nyingi na mbwa mwenye kichaa. Pasteur alikuwa amejifunza kuudhoofisha ugonjwa huo kwa kukausha uti wa mgongo wa sungura walioambukizwa. Mtoto akapigwa sindano siku baada ya siku kwa dawa hiyo, wala hakupata kichaa. Akaishi hata utu uzima. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na siku hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa siku ya kichaa cha mbwa duniani. Chanjo za leo ni safi na salama kuliko ile. Mtu afaye leo kwa kichaa cha mbwa hafi kwa kuwa dawa haijavumbuliwa. Hufa kwa kuwa hakuipata kwa wakati.

4. Kuchanja mbwa

Chanjo ya mtu ni ghali, na safari za kwenda hospitali mara tatu au nne zaweza kuuza mbuzi wa nyumba. Chanjo ya mbwa ni rahisi mno kuliko hiyo. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika jambo hili ufa uko kwa mbwa.

Mbwa achanjwe afikapo miezi 3, kisha arudiwe kila mwaka. Siku mtaalamu afikapo kijijini, hata watoto wa mbwa walio wadogo kuliko hapo wapelekwe, naye ataamua. Kinga haiji siku ile ile; huchukua majuma kadhaa kukomaa. Wala chanjo haimponyi mbwa aliyekwisha kuambukizwa. Mwenye mbwa apewe cheti, akiweke mahali pakavu pamoja na kadi za kliniki za watoto, kwa kuwa siku mtu atakapong'atwa cheti hicho kitaulizwa.

Wengine huuliza: kuna faida gani nikimchanja wangu, na jirani hakumchanja wake? Hapa yatupasa kuelewa jinsi ugonjwa uneavyo. Mbwa mmoja mwenye kichaa, kwa wastani, huambukiza mbwa mwingine mmoja, au wawili hivi, kabla hajafa. Si wengi. Basi kama katika kila mbwa 100 wa kijiji 70 wamechanjwa, yule mgonjwa atang'ata zaidi waliochanjwa, na ugonjwa utakosa njia ya kuendelea. Lakini kwa nini 70, wala si 40? Kwa sababu mbwa hawaishi sana vijijini. Katika mwaka mmoja wengi waliochanjwa hufa, na watoto wasio na kinga huzaliwa mahali pao. Ukianza na 70, mwisho wa mwaka bado wabaki wa kutosha kuuzuia ugonjwa. Ukianza na 40, kinga huwa imekwisha kabla chanjo ya pili haijafika. Kwa hiyo jirani asiyechanja hulegeza kinga ya kijiji kizima.

Hayo yalionekana wazi katika wilaya ya Serengeti. Kuanzia mwaka 1996 mbwa wa vijiji vyake walichanjwa, wapatao 60 hata 65 katika kila 100. Baada ya chanjo ya kwanza kichaa katika mbwa kilipungua kwa asilimia 70. Baada ya ya pili kilipungua kwa asilimia 97. Na watu waliohitaji sindano kwa kung'atwa walipungua pia. Watu walikingwa kwa sindano walizopigwa mbwa.

Na kisiwa cha Pemba chatufundisha neno la pili. Kazi ya kuchanja mbwa ilianzishwa huko mwaka 2010, na kufika mwaka 2014 ugonjwa ulikuwa umekomeshwa kisiwani. Lakini chanjo zikalegea, na mwaka 2016 ugonjwa ukaingizwa tena kutoka nje. Mbwa wakachanjwa upya, na mwaka 2018 ukakomeshwa mara ya pili. Basi, hata kisiwa kizungukwacho na bahari hakikukingwa na maji yake kilipolegeza chanjo. Sisi tuliopakana na vijiji vingine kwa njia za miguu tutakingwa na nini, tusipochanja kila mwaka?

5. Je, tuwaue mbwa?

Mara mtoto ang'atwapo, sauti ya kwanza kusikika kijijini ni hii: mbwa wote wauawe. Twaelewa uchungu wa wazazi, lakini njia hiyo haifiki tunakotaka kwenda. Katika kisiwa cha Flores, nchi ya Indonesia, kichaa kiliingia mwaka 1997 kwa mbwa walioletwa na mashua. Wakaaji wakaua mbwa kwa maelfu mengi, ugonjwa haukukoma. Sababu zake ni rahisi kuona. Watu huwaficha mbwa wao, au huwapeleka kijiji kingine, na pengine kirusi kimo ndani yao. Waliochanjwa huuawa pamoja na wasiochanjwa, na hivyo kinga hupotea. Na kwa kuwa kila boma lahitaji mlinzi, kabla mwaka haujaisha watoto wa mbwa huletwa kutoka mahali pengine, nao hawana kinga yo yote.

Mbwa aliye mgonjwa kweli auawe na mtaalamu, kwa njia isiyomtesa, kwa kuwa hana kupona na mateso yake ni makali. Lakini kuua mbwa wazima ni kubomoa ukuta uliojengwa kwa chanjo.

Tena tusijidanganye kwa kusema, hao ni mbwa wa mitaani wasio na wenyewe. Katika vijiji vya Tanzania wengi wa mbwa wanaotangatanga wana kwao. Usiku hulala uani mwa mtu fulani. Mchana huachwa wajitafutie. Ukiuliza, ni mbwa wa nani, kila mtu hunyamaza. Lakini mwizi ajapo usiku, kila mbwa hujua ni boma gani la kulinda.

6. Malezi ya mbwa

Sasa twafika kwenye neno tulilolitaja mwanzoni. Siku ya chanjo itangazwapo, wengine hawaji kwa sababu ya umbali, au kwa kuwa habari iliwafikia baadaye. Lakini wengine husema: mbwa wangu hashikiki. Amelishwa kwa kutupiwa, amefukuzwa kwa mawe, hajaguswa na mkono wa mtu ila kupigwa. Ndipo mwenyewe amwogopa mbwa wake. Mbwa huyo hatachanjwa, na akipata kichaa, wa kwanza kung'atwa watakuwa watu wa nyumba ile.

Basi malezi yaanze mapema. Mtoto wa mbwa, tangu juma la 3 hata juma la 12 au zaidi kidogo, ndipo ajifunzapo nani ni rafiki na nani ni adui. Akishikwa kwa upole na watu wengi katika majuma hayo, hukua akiwaamini watu. Asiposhikwa kabisa, atawaogopa maisha yake yote, na mbwa mwenye hofu ndiye ang'atae upesi. Hata hivyo asitengwe na mama yake kabla ya majuma 8, maana kwake na kwa ndugu zake hujifunza kuzuia nguvu za meno yake.

Mbwa mkubwa naye aweza kuzoezwa. Mwezi mmoja kabla ya siku ya chanjo, yule amlishaye amvike ukanda mpana shingoni, usiobana. Vidole viwili vipite chini yake. Kila jioni amfunge kamba kwa muda mfupi, ampe tonge la ugali akiwa amefungwa, kisha amfungue. Baada ya siku kadhaa amwongoze kwa kamba hatua chache. Asimvute kwa nguvu wala asimpige. Siku ya chanjo ifikapo, kamba haitakuwa jambo geni. Twaona kwamba mara nyingi watoto ndio waletao mbwa kuchanjwa, kwa sababu ndio waliocheza nao. Ni vema, lakini mtu mzima afuatane nao, kwa kuwa mahali penye mbwa wengi pana ugomvi.

Tena mbwa ana mahitaji yake kama mnyama mwingine wa kufugwa. Apewe maji safi kila siku, na kivuli. Apewe chakula kwa saa ijulikanayo. Mbwa ajuaye kwamba atalishwa nyumbani hatangitangi sana jalalani. Apewe dawa ya minyoo, na kupe na viroboto waondolewe. Asifungwe mnyororo mfupi mchana kutwa, kwa kuwa mbwa wa namna hiyo huwa mkali pasipo kuchagua. Asiyetaka watoto wa mbwa na amwombe mtaalamu amhasi. Kuwatupa vichakani watoto waliozaliwa ni ukatili, tena ni kupanda mbegu ya mbwa wasio na kinga.

Watoto wetu nao wafundishwe. Wasimsumbue mbwa alaye, wala alalaye, wala mwenye watoto. Wasimvute mkia, wala wasimtupie mawe aliyefungwa. Mbwa asiyemjua akiwakaribia, wasimame kimya kama mti, mikono chini, wasikimbie wala wasimkazie macho. Na zaidi ya yote, wafundishwe kusema. Mtoto aliyeng'atwa akimchokoza mbwa wa jirani huogopa kupigwa, akaficha jeraha chini ya nguo. Siku zapita, na nafasi ile tuliyoisema yapotea. Kwa hiyo kila mzazi na awaambie watoto wake waziwazi: ukikwaruzwa au kung'atwa, njoo uniambie, nami sitakupiga.

7. Kazi ya wazee na walimu

Walimu wa mitaa na wazee wa sharika, mnayo nafasi ambayo mtaalamu wa mifugo hana. Yeye ana vijiji vingi, nanyi mwawajua watu kwa majina na nyumba zao. Mwulizeni mapema siku ya chanjo, litangazeni majuma mawili mfululizo baada ya ibada, mkitaja mahali na saa. Wajane na wazee wenye mbwa wasioweza kuwaleta, vijana wapangwe kuwasaidia. Mwaka ambao chanjo haikuletwa, wazee waende pamoja kuuliza ofisini, wakiwa na hesabu ya mbwa wa kijiji mkononi. Hesabu hiyo husemeshwa kwa nguvu kuliko malalamiko. Na msikiapo kwamba fulani aling'atwa, msingoje kuitwa. Nendeni siku ile ile, mwulize juu ya sabuni na maji, mwulize juu ya hospitali. Na kama nauli imekosekana, jambo hilo lishughulikiwe kabla ya jua kuchwa.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mtu aliyeng'atwa asingoje mpaka aone dalili ndipo aende hospitali?
2. Jeraha lioshwe kwa nini, na kwa muda gani? Katika nyumba yako, sabuni na maji hukaa wapi?
3. Ng'ombe akidondosha mate na kulia kwa sauti iliyokauka, ni jambo gani tusilifanye?
4. Mwaka 2016 kisiwa cha Pemba kilipata tena ugonjwa uliokwisha kukomeshwa. Kwa sababu gani?
5. Hesabu mbwa wa nyumba zinazokuzunguka. Wangapi wamechanjwa mwaka huu? Wangapi waweza kushikwa na wenyewe?